Umemwona Wako Alivyokua?

Nilikuwa nimekaa sakafuni bafuni, glavu mkononi, miwani usoni, nasugua mfupa wa tochi, siyo ya betri, tumbawe lile linaloitwa tochi nililokuwa nafuga kwenye tangi la maji ya chumvi, kwa mswaki wa zamani. Wenye matangi mnaujua huo mfupa. Mweupe, mzito kuliko unavyodhani, na kila tawi linaishia kwenye kisahani chenye kingo kali kama meno ya msumeno mdogo, na kila kisahani kilikuwa kichwa. Kumi na kimoja. Nilivihesabu mara mbili, sijui kwa nini, labda nilitegemea vingeongezeka.

Simu ikalia. Picha.

Tochi imefunguka mpaka imepitiliza, minyiri ya kijani kile cha kung'aa, ncha za zambarau, yote imelala upande mmoja kama nyasi upepo ukipita. Chini yake dada mmoja tunayefahamiana kwa ajili ya haya haya mambo ya matumbawe ameandika: "Umemwona wako alivyokua?"

Wako.

Alimaanisha kile kipande nilichomkatia mwaka jana, vichwa viwili tu, akaondoka navyo kwenye kopo la maji ya chumvi amelipakata kama mtoto. Sasa nimekaa pale, mkono wa kushoto nimeshika mfupa wa mama, mkono wa kulia nimeshika picha ya mtoto, na hata hayo maneno mama na mtoto nilikuwa sina uhakika nayo, na ndo maana naandika leo, wiki ya saba, maana hilo swali lake halijaniachia mpaka sasa.

Siku ile sikumjibu.

Sifuri safi

Sitawachosha na habari za jinsi ya kuanzisha tangi, kila mtu hapa ameshalia na amonia yake. Tangi langu ni lita 220, lina miaka minne, na halikuwa na shida yoyote. Hili naomba likae vizuri kabla sijaendelea. Halikuwa na shida yoyote.

Shida ilikuwa kioo. Kila baada ya siku mbili kinashika ukungu wa kijani, inabidi nifute. Fosfeti ilikuwa 0.12, naitreti 15 (hizi mbili ndo mbolea ya mwani kwenye maji), alkaliniti inacheza kwenye 8.5, matumbawe yote yanakua, tochi ina vichwa kumi na moja vinene kama ngumi. Lakini mi nilikuwa nishaona picha za matangi ya watu ambayo mchanga wake mweupe unaumiza macho, nikawa kila nikikaa mbele ya langu siangalii tochi, naangalia ukungu. Yaani nina mnyama wa ajabu kuliko vyote nyumbani na mimi nakodolea macho uchafu wa kioo.

Basi nikanunua zile chembe za oksidi ya chuma zinazonyonya fosfeti, nikaweka kwenye reakta, lile kopo la kupitishia maji, mara mbili ya kiasi kilichoandikwa, nikafungulia skima, ile mashine ya kutoa uchafu kwa povu, ikawa inatoa maji mengi, nikapunguza chakula cha samaki nusu. Wiki mbili baadaye nikapima. Kile kichupa cha fosfeti ambacho huwa kinageuka bluu kilibaki kama maji ya kunywa. Cha naitreti hakikuwa na hata dalili ya pinki. Nikavipiga picha vyote viwili nimevishika kidoleni.

Sifuri, sifuri.

Wiki ya tatu mchanga ukaanza kuwa na vumbi la kahawia. Asubuhi haupo, mchana umerudi, jioni umekuwa mnene una nyuzi nyuzi kama makamasi na kila uzi una kiputo cha hewa kwenye ncha. Nikasema hii diatomu tu, ule mwani wa kahawia usio na madhara, itapita. Haikupita. Konokono wakaanza kuanguka chali. Mmoja, kesho yake watatu, unamgeuza anabaki vilevile. Hapo ndo nikachukua tone la yale makamasi nikaweka kwenye hadubini ya bei chee, ile ya wanafunzi, na aisee sijawahi kukiona kitu kama kile: vidude vyenye umbo la mbegu ya tikiti, mamia, kila kimoja kinazunguka palepale kwenye ncha yake yenye makali kana kwamba kimefungwa kamba kwenye kigingi.

Ostreopsis. Dino zenyewe, yaani dinoflajeleti, vijiumbe vya majini vya seli moja, na hizi ni zile zenye sumu.

Nilichojifunza ni kwamba kwenye tangi lenye chakula cha kutosha, bakteria na mwani wa kawaida wanagombania nafasi na hizi dino, zinabaki chache, hata huzioni. Ukipeleka naitreti na fosfeti mpaka sifuri unawaua njaa hao washindani wake na dino zinabaki na uwanja peke yao. Ule ukungu wa kijani niliokuwa nauchukia, kumbe ndo walikuwa walinzi wa geti.

Halafu kuna hili, ambalo lilinikalisha chini kabisa. Ule mwani mdogo unaoishi ndani ya nyama ya tumbawe na kulilisha kwa jua, zuzanthela, nao ni dinoflajeleti. Ukoo mmoja. Wanaokaa ndani wanalisha, wale wa nje wanaua, ni binamu. Na wale wa ndani nao wanahitaji naitrojeni na fosforasi kama mmea wowote. Kwa hiyo mi kwa mkono wangu huu niliwanyima chakula waliokuwa wanamlisha tochi, na papo hapo nikamfungulia mlango ndugu yao muuaji.

Alhamisi kichwa kimoja kilijikunja hakikufunguka. Ijumaa asubuhi kimefunikwa na ute wa kahawia kama uji uliomwagika, nikainua juu ya maji kidogo tu, harufu yake sitaki hata kuieleza. Nikakata, nikachovya kwenye ayodini, nikakata tena. Hadi Jumanne vyote kumi na kimoja vilikuwa vimeisha.

Tochi imezima.

Imekufa au amekufa

Turudi kwenye ujumbe wa dada. "Umemwona." Na hiyo "mw" ndo ilinichoma.

Miaka yote mi nasema tochi imefunguka, tochi imejikunja, tochi imekufa. Imekufa, kama betri. Yeye hajawahi. Kwake matumbawe yote ni a-wa, huyu anakula, yule amekasirika, wale wawili usiwaweke karibu watapigana. Nilishawahi kumtania, nikamwambia dada tumbawe ni li-ya, tumbawe linakufa. Akaniuliza, "Na paka wako akifa utasema limekufa?"

Nilicheka. Wakati huo nilikuwa na tochi hai, kucheka ni rahisi.

Kwenye hili kosa lakini sikuwa wa kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1700 kulikuwa na Mwitaliano anaitwa Luigi Ferdinando Marsigli, alichukua tumbawe jekundu lililotoka kuvuliwa akaliweka kwenye chombo cha maji ya bahari, akakaa akiangalia. Likatoa maua meupe. Petali nane kila moja. Akilitoa nje maua yanafunga, akilirudisha majini yanafungua. Akatangaza amepata maua ya tumbawe, kwa hiyo ni mmea, na wasomi wakafurahi sana.

Miaka ya 1720 daktari wa Marseille, Jean-André Peyssonnel, naye akaangalia tumbawe kwenye maji ya bahari. Akayaona maua yaleyale, akasema jamani haya siyo maua, hawa ni wanyama, kama anemoni wadogo. Akapeleka habari Paris, kwa Réaumur, mkubwa wa sayansi enzi hizo, na Réaumur alipofikisha hoja hiyo kwa wenzake akalificha jina la Peyssonnel. Kwa huruma. Hakutaka mtu aaibike kwa kusema upuuzi kama ule. Ilibidi ipite kama miaka kumi na tano, wengine wamshangaze kwa ushahidi wa aina hiyohiyo, ndo Réaumur akakubali kwamba yule daktari alikuwa sahihi.

Ninachokipenda kwenye hii hadithi ni kile chombo cha maji ya bahari. Hakina pampu, hakina taa, lakini ni tangi. Watu wawili wamekaa mbele ya tangi, wanaangalia kitu kimoja kinafunguka na kufunga, mmoja anaona ua, mwingine anaona mtu. Sawa, siyo mtu. Mnaelewa.

Ila na mimi nijitetee kidogo. Tochi ana mdomo na tumbo, ukimpa kamba mdogo anamkamata na kumeza, usiku anarefusha minyiri na kumchoma jirani. Mnyama kabisa. Lakini ndani ya nyama yake kuna mwani unaopika kwa jua, na chakula chake kingi kinatoka huko, kwa hiyo anaishi kama mti. Na chini anajenga jiwe. Mnyama anakula, mwani unapika, jiwe linakua, na vyote vitatu unavibandika kwenye mwamba kwa tone moja la supaglu. Sasa hapo ngeli utaitafutia wapi?

Vinywa viwili

Kwa wasiowahi kuona tochi ikigawanyika, iko hivi. Kuna siku unaona kinywa kimerefuka, kimekuwa kama tabasamu. Wiki kadhaa baadaye ni vinywa viwili kwenye kichwa kimoja. Miezi inapita, mfupa chini unaanza kuchanua kama manati, na siku moja unakuta vichwa viwili kamili, kila kimoja na tawi lake. Hakuna baba, hakuna yai.

Kukata nako si jambo la kutisha kama watu wanavyodhani. Nyama ya tochi inakaa juu tu, imefunika sentimita chache za mwisho, chini ya hapo ni mfupa mtupu. Ukipitisha msumeno chini kabisa kwenye maungio hakuna unayemjeruhi. Vumbi lake linanuka kama kwa daktari wa meno, na unavaa miwani hata kama unajiona fundi, maana maji ya matumbawe kwenye jicho si mchezo. (Na kama mwamba wako una zoanthidi, wale jamaa wa matumbawe wanaofanana na vifungo vya shati, usije ukathubutu kuuchemsha ili kuusafisha. Baadhi yao wana palitoksini, sumu kali sana, na mvuke wake umeshawapeleka watu hospitali na familia zao. Nasema kwa sababu siku ile bafuni wazo la sufuria lilinijia.)

Kwa hiyo kile kipande cha dada siyo mtoto. Hili ndo lilianza kunizungusha usiku. Mtoto ana nusu ya huyu na nusu ya yule. Kile ni yuleyule, nukta kwa nukta. Vichwa kumi na vitatu vya kiumbe kimoja, kumi na kimoja kwangu vimeoza, viwili kwake vimekuwa saba.

Sasa amekufa au hajafa?

Nikasoma mpaka macho yakauma. Kuna Acropora palmata, yale matumbawe ya pembe kubwa ya Florida na Karibi, watafiti wamepima vinasaba vyake wakakadiria kwamba baadhi ya koo moja moja zina zaidi ya miaka 5,000. Kiumbe kilekile. Na kimeishi muda wote huo kwa kuvunjika: dhoruba inakuja, inakata pembe, pembe inaanguka pale mbele, inashika, inaendelea. Kwa mnyama wa hivyo kukatwa siyo kutengana, ni kusafiri.

Nikafurahi. Usiku ule nililala vizuri.

Asubuhi nikaanza kujishuku. Mbona hili jibu linanifaa sana? Mtu umeua, halafu unakuta sayansi inasema hujaua, yupo kwa mwenzio anakula vizuri. Ukiona hoja inakuondolea lawama kwa urahisi hivyo, irudie tena ukiwa umeshiba na umelala. Nikairudia. Vinasaba viko salama, hilo kweli. Lakini kile kichwa cha Alhamisi, kile kilichokuwa upande wa kushoto chini, ambacho kila taa zikiwaka kilikuwa cha mwisho kufunguka, kilikuwa na tabia yake, na ile tabia haiko kwenye picha ya dada. Au labda mi ndo niliyekuwa na tabia ya kukiangalia.

Sijui.

Alikotoka

Nikiwa nasugua ule mfupa nilifika chini kabisa, kwenye shina. Pale sikuwa nimewahi kupaangalia tangu siku ya kwanza. Pamevunjwa. Siyo kukatwa, kuvunjwa, pana ncha ncha. Pembeni kuna mrija mweupe wa mnyoo na mabaki ya sponji iliyokauka. Tochi aliyekuzwa kwenye tangi au shambani anakuja amegundishwa kwenye kitako kidogo, chini pamenyooka. Huyu alibanduliwa mwambani baharini. Nilipomnunua nilifurahia ule mrija, nikasema amekuja na uhai wake.

Matumbawe magumu yote yako kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea pori, kuvuka mpaka lazima yawe na kibali. Vizuri. Kibali lakini hakirudishi kitu mwambani.

Kwa hiyo kuna uwezekano kuna sehemu ya tatu. Kisiki kilichobaki huko baharini, yeye yuleyule, kama kipo. Aprili 2024 NOAA, shirika la bahari na anga la Marekani, pamoja na ICRI, ushirika wa kimataifa wa kulinda miamba ya matumbawe, walitangaza wimbi la nne la matumbawe kupauka duniani kote. Maji yakipata joto kupita kiasi tumbawe linamtapika mwani wake, linabaki jeupe na njaa, na joto lisipopungua linakufa. Siwezi kujua kisiki changu kiko upande gani wa hiyo hesabu. "Changu", ona na mimi.

Na hapa huwa tuna wimbo wetu wenye matangi, mnaujua, kwamba bahari ikiisha sisi ndo safina. Niliuimba sana. Ukweli wake upo, ila haupo kwetu. Julai 2023 kipimo kimoja kwenye ghuba ya Florida kilisoma zaidi ya digrii 38 za Selsiasi, na watu wa huko walikimbia kutoa matumbawe kwenye vitalu vya baharini wakayapeleka kwenye matangi nchi kavu. Hiyo safina sawa. Akwariamu ya Florida mwaka 2019 ilifanikiwa kuwafanya matumbawe nguzo wa Atlantiki watoe mayai na mbegu ndani ya maabara, mara ya kwanza kwa aina hiyo. Hiyo nayo sawa, kwa sababu mayai yanaleta viumbe wapya, mchanganyiko mpya, labda mmoja wao atavumilia joto. Mi na msumeno wangu nazidisha yuleyule mmoja. Watu hamsini wakiwa na tochi yangu, bado ni tochi mmoja kwenye nyumba hamsini, na udhaifu uleule mmoja.

Na safina yenyewe ilizama kwa sababu nahodha alichukia ukungu wa kioo.

Mahali pa kulala

Kilichonifanya nimjibu dada siyo haya mawazo yote. Ni samaki.

Nina jozi ya klaunfishi, wale samaki ambao baharini hulala ndani ya anemoni. Sina anemoni, kwa hiyo miaka miwili iliyopita walijichagulia tochi wakafanya ndo kitanda. Mkubwa ni jike, mdogo ni dume, na jike akifa yule dume anageuka kuwa jike, kwa hiyo kwenye tangi hili ngeli siyo kitu pekee ambacho hakijatulia. Jike alikuwa na kawaida, taa za bluu zikianza kufifia anaingia katikati ya minyiri kinyumenyume, anajisugua kushoto, kulia, halafu anatulia.

Nilipotoa mfupa pale mwambani palibaki alama, duara jeupe la gundi kuukuu. Jioni ya kwanza jike akaja palepale, kinyumenyume, akajisugua kwenye hewa. Namaanisha maji. Kwenye nafasi ambayo haina kitu. Kushoto, kulia, akatulia juu ya gundi.

Nikasema kesho atazoea. Siku ya tisa au ya kumi bado.

Sitaki kusema alikuwa na huzuni, samaki siwajui hivyo. Nasema tu alikuwa analala palepale.

Nikarekodi sauti, nikaifuta, nikarekodi tena nikafuta, mwisho nikaandika: "Dada samahani kwa kukaa kimya. Wangu alikufa wote. Nilipeleka fosfeti sifuri nikapata dino." Niliandika "alikufa" nikiwa namfuatisha yeye tu, kama unavyofuatisha lafudhi ya mtu unayeongea naye.

Akajibu baada ya dakika moja. "Pole sana mdogo wangu. Mbona hukusema? Njoo uchukue, ana saba sasa."

Nikakaa na hilo pia. Kuomba kurudishiwa ulichotoa zawadi kuna aibu yake, lakini haikuwa hiyo. Ilikuwa: na nikimuua tena? Sasa hivi akiwa kwake yupo. Nikimchukua kichwa kimoja nakileta kwenye lile lile tangi, kwa mtu yule yule, nafanya nini hasa, namrudisha au napunguza vilivyobaki? Nikamwandikia hayo yote, marefu, nikidhani atanituliza.

Akauliza: "Fosfeti sasa hivi ngapi?"

0.02. "Basi subiri," akasema.

Ukungu

Nikasubiri. Nikatoa zile chembe zote. Nikalisha samaki kama wageni. Nikaongeza naitreti kwa matone kila siku, nikaweka taa ya UV ya kuua vijidudu kwenye maji maana Ostreopsis usiku zinaachia mchanga na kuelea, ndo unazinasa, nikazima taa za tangi siku tatu mfululizo na kulifunika kwa shuka. Nikaweka konokono watano wapya niwaangalie. Wiki mbili, wote watano wanatembea. Fosfeti 0.06, naitreti 8. Kioo kikaanza kushika kijani na safari hii nilipokiona nilikaribia kukibusu.

Nilipofika kwake tochi alikuwa amefunguka wote, vichwa saba, mkubwa kuliko kwenye picha. Akazima pampu, akamgusa taratibu mpaka akajikunja, akamtoa kwenye maji, akanipa msumeno.

"Kata mwenyewe."

Mkono ulinitetemeka, sifichi. Nilichagua tawi la pembeni, lenye mfupa mrefu ili niwe mbali na nyama, nikaanza kusaga, vumbi jeupe linadondoka kwenye beseni, ile harufu. Ilipobaki kidogo nikasita kama dakika nzima. Dada hakusema kitu, alikuwa anafuta kioo chake. Kilikuwa kijani.

Nyumbani nikaelesha kopo dakika ishirini joto lilingane, nikamchovya ayodini, nikaweka gundi chini. Sikumweka kwenye lile duara. Nilimweka sentimita kama kumi na tano pembeni, chini, mwanga mdogo, mkondo wa maji wa wastani.

Siku ya kwanza ngumi. Siku ya pili ngumi. Usiku wa pili niliamka saa tisa nikaenda na tochi, ile ya betri, nikaifunika kwa plastiki nyekundu nisiwasumbue, nikamwangalia karibu pua inagusa kioo. Kinywa kilikuwa kimefunga. Ukingoni tu, kati ya meno mawili ya mfupa, kulikuwa na ncha mbili za zambarau, ndogo kama vichwa vya pini.

Siku ya tatu zilikuwa kama kumi. Jike akaja kuchungulia, akamgusa kwa ubavu, na zile ncha zote zikapotea kwa mara moja. Jike akarudi kwenye gundi yake akalala.

Jioni simu ikalia. "Anaendeleaje?"

"Amefungua kidogo," nikaandika. "Ila bado anamwogopa samaki."

"Na fosfeti?"

Nikainuka kwenda kupima.